Dakika Mia na Sitini kwa Diski Moja

Nina hasira za karibu, na heri niseme mapema, maana bila hasira hizo kazi ile ingenishinda wiki ya kwanza. Miaka ile ya vita chuo kilifunguliwa mwezi huu na kufungwa mwezi ujao, na mimi, binti wa miaka ishirini na mitatu, nikachoka kukaa nyumbani kuhesabu mbu. Nikaenda kusaidia kwenye studio ya tonton, mdogo wake mama. Tonton alikuwa na kamera moja, mashine moja ya kaseti, na kompyuta moja iliyofika kwa ndege kutoka Goma ikiwa imeviringishwa ndani ya godoro. Yeye alishika kamera. Mimi nilikaa na kompyuta, nikihamisha kaseti za watu kwenda kwenye diski: harusi, ubatizo, na zaidi ya vyote, matanga.

Diski zilikuwa jambo jipya kwetu Kisangani. Unyevu wa mji ule unaootesha ukungu hata kwenye viatu ulikuwa unakula kaseti, na watu waliamini kwamba diski haifi. Walikosea, lakini sikuona sababu ya kuwaharibia furaha.

Diski moja ilibeba dakika themanini za picha nzuri. Wateja hawakuelewa kwa nini themanini. Niliwaambia wafikirie bomba la maji na pipa. Kila sekunde ya picha inatumia kiasi fulani cha habari, na kiasi hicho sisi tulikiita débit. Ukifungua bomba sana, picha inatoka safi, lakini pipa linajaa upesi. Ukilibana, pipa lilelile litapokea saa mbili, hata tatu, ila picha inakuwa nyembamba, na mwisho sura za watu zinageuka vigae. Nasema vigae kwa sababu ndivyo vilivyoonekana, vile vipande vidogo vya mraba kama sakafu ya hospitali, kimoja cha rangi ya ngozi, kingine cha rangi ya nguo, na wewe utafute pua iko wapi.

Mimi na tonton tuligombana juu ya jambo hilo karibu kila juma. Tonton alikuwa mfanyabiashara, alitaka kila kitu kiingie.

"Mutu analeta matanga yote, umupe matanga yote," alikuwa akisema. "Bana tu débit, bon, imeisha."

"Tonton, ukibana sana batu hawataonana."

"Batu wanajuana. Weye prof wa macho?"

Nilikuwa nanuna mpaka jioni. Kwangu ilikuwa afadhali kukata, kumpa mtu dakika themanini zinazoonekana kuliko saa tatu za vigae. Lakini kukata matanga, kwetu, ni kutafuta maneno. Kamera ikienda kwenye matanga haiendi kwa ajili ya marehemu peke yake. Inapita mbele ya kila kiti. Watu wa parokia wanasimama pamoja, wanatazama kamera. Wauzaji wa sokoni wanasimama pamoja. Waliovuka mto kwa mtumbwi kutoka Lubunga wanasimama wakiwa bado na matope miguuni. Siku familia inapokaa kutazama, mtu anajitafuta, na asipojiona anauliza kama waliona amekuja au hawakumwona. Nimeshuhudia mashemeji wasiosalimiana miaka miwili kwa sababu ya dakika nne zilizokatwa.

Mama mmoja alikuja asubuhi ya Jumatatu akiwa amevaa kitambaa cheusi, kichwa kimenyolewa na kimeanza kuota mvi fupi. Nilimfahamu kwa sura; mume wake alikuwa ametoka Kivu Kaskazini zamani na duka lao la jumla la chumvi na sabuni lilikuwa mtaa wa pili kutoka kwetu. Mume alikuwa amefariki miezi minne nyuma, kwa presha, kitandani mwake, jambo ambalo mwaka ule lilikuwa karibu kama bahati. Tonton ndiye aliyepiga picha za matanga. Mama alitoa kaseti ndani ya kitambaa, akaiweka mezani polepole.

Alikuwa na mtoto wa kwanza Kinshasa. Kijana alikwenda kusoma kabla ya vita, mto, njia yetu ya kwenda huko, ukafungwa, na ilikuwa sasa mwaka wa nne hajaonana na wazazi. Barua zilipita kwa mapadri, zikichukua majuma, pengine miezi. Wakati mji wetu ulipopigwa mabomu, mtu alimfikishia kijana habari kwamba baba yake amekufa. Akanyoa nywele, akaomba misa, akalia. Miezi sita baadaye ikamfikia barua ya mkono wa baba yake, ikimwuliza kama anasoma au anacheza tu. Siku hiyo kijana akaapa kwamba hataamini tena habari ya kifo iliyoandikwa kwenye karatasi.

"Sasa papa amekufa kweli," mama alisema, "na mutoto anakataa. Nimeandika mara mbili. Ananijibu, musalimie papa."

Mimi nilikuwa najifanya nafuta meza.

"Na bila ye kukubali, siwezi toa hii nguo. Ye njo mutoto mukubwa. Matanga haiwezi kuisha kama mukubwa anaandika musalimie papa."

Kulikuwa na padri wa kusafiri Jumatano kwa ndege ya misaada iliyoruhusiwa kuvuka hadi Kinshasa. Angechukua bahasha. Kaseti yenyewe mama hakutaka kuiachia, ilikuwa ya pekee, na kijana chumbani kwake alikuwa na mashine ya diski tu, ya kuazima. Basi ilibidi diski. Na diski tupu, katika studio yetu na ninavyojua katika mji mzima, ilikuwa imebaki moja. Ndege za mizigo zilikuwa hazijatua uwanja wetu wa Bangboka kwa wiki tatu.

Kaseti ilikuwa na dakika mia na sitini. Mara mbili kamili ya diski.

Nilimkalisha kwenye benchi nikamweleza. Nilikuwa mpole siku hiyo, nadhani kwa sababu ya ile musalimie papa. Nilimwambia tunaweza kuchagua nusu, nzuri, yenye kuonekana vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kunihesabia kwa vidole watu wasioweza kutolewa. Watu wa parokia. Wakwe wa Isangi, waliopanda mto siku mbili kwa mtumbwi huku askari wakiwasimamisha kila bandari. Wa Lubunga. Majirani. Wanawake wa sokoni, kwa sababu ndio waliopika. Vidole viliisha, akaanza mkono wa pili.

"Siku atarudi, atapita kushukuru kila mutu," alisema. "Kama hajaona, atashukuru nani?"

Tonton alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu. "Bana débit," aliniambia.

Nikabana. Nusu kwa nusu. Kompyuta ile ilikuwa inapokea kaseti ikiwa inacheza, unachagua kiasi kwanza, halafu unakaa unatazama dakika zote mia na sitini ukiomba umeme usikatike. Umeme haukukatika. Mama alikaa nami tangu saa tano mpaka saa nane, mgongo umenyooka, mikono magotini, na hakutazama kioo cha kompyuta hata mara moja. Alitazama ukuta, pale tulipofunika tundu la kipande cha bomu kwa kalenda.

Hofu yangu yote ilikuwa juu ya sura ya marehemu. Uso wa mzee ukitoka vigae, kijana atasema huyu ni mtu yeyote, na tutakuwa tumepoteza diski na padri na yote. Nilipofika kwenye jeneza nilisogea karibu na kioo. Uso ulitoka safi kabisa. Ndevu fupi zilionekana, na kovu la kwenye nyusi, na ukingo wa kola ya shati.

Sababu niliijua. Mashine haichori kila picha upya. Inachora ya kwanza, halafu inaandika kilichobadilika tu. Kitu kisichotikisika hakihitaji karibu chochote. Kiache hapo, kinajitunza. Kinachokula nafasi ni mwendo: mvua, majani, maji ya mto, watu wanaocheza, watu wanaolia. Nilimweleza mama hayo kwa furaha ya mtu aliyeshinda mtihani. Papa anatoka vizuri, nilimwambia, kwa sababu hatikisiki.

Hata leo nikikumbuka nilivyosema maneno hayo kwa mjane, natamani kujipiga kofi. Yeye alitikisa kichwa tu, akasema, "Ata akiwa muzima hakukuwa mutu wa kutembeatembea."

Diski ilipokamilika niliiweka kwenye mashine ya diski iliyounganishwa na televisheni ili aithibitishe. Sehemu za watu zilikuwa mbaya. Sitasema vinginevyo. Waliokaa kimya walionekana kidogo, lakini kila mtu aliyenyanyua mkono alivunjika, na wanawake waliokuwa wakilia kwenye mkeka walikuwa rundo la vigae vyeusi na kahawia vinavyopanda na kushuka. Nilianza kupandwa na hasira, na tonton, na diski, na vita. Lakini mama alisogeza benchi karibu, akaanza kuwataja mmoja mmoja.

"Huyu katekista. Huyu mama wa mihogo, unaona vile anashika kiuno. Ba Isangi hawa. Ule ni jirani, anakohoaka vile."

Aliwajua wote. Hakuna hata mmoja aliyemkosa. Alifika mpaka mwisho akasema, "Iko bien. Namuona kila mutu."

Na mimi nikafurahi. Kwa mara ya kwanza nilidhani tonton ana haki, kwamba watu kweli wanajuana na mimi nasumbua bure na vigae vyangu. Diski ikaingia kwenye bahasha, bahasha ikaenda kwa padri, na jioni hiyo nilimpikia tonton chai bila kununa.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu. Diski tupu zilikuwa zimeshafika tena, tulikuwa na boksi zima kabatini, na mji ulikuwa umetulia kidogo, kiasi kwamba watu walianza kufunga ndoa. Mama aliingia studio mchana, bado katika nguo ile nyeusi. Nilidhani amekuja kutushukuru. Aliketi, akatoa barua, akanipa nisome mwenyewe.

Kijana alikuwa ameamini. Alimwona baba yake, kovu na yote, na alikubali. Aliandika kwamba alikaa na picha ile ikiwa imesimamishwa asubuhi nzima. Halafu akauliza swali ambalo nililisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikulielewa. Kwa nini mmenificha habari za mama?

Alikuwa ametazama diski yote, dakika mia na sitini, mara tatu. Alimwona shangazi yake, dada wa baba, amekaa kwenye kiti karibu na jeneza, anapokea watu, anaonekana vizuri kabisa. Mama yake hakumwona popote. Alitafuta nywele zake, alitafuta vitenge vyake. Akafikia uamuzi ambao kijana aliyeondoka nyumbani kabla hajakaa kwenye matanga ya mjane angefikia: shangazi yuko kwenye kiti kwa sababu mama hayupo, na barua zenye jina la mama zinaandikwa na mtu mwingine ili asivunjike moyo. Barua haikuandikiwa mama aliyekaa mbele yangu. Iliandikiwa shangazi. Kijana alikuwa amenyoa nywele tena, na safari hii alikuwa ameomba misa ya watu wawili.

Mama alikuwa kwenye mkeka. Mjane kwetu hakai kwenye kiti wala hapokei wageni, hiyo ni kazi ya dada wa marehemu. Yeye anakaa chini na wanawake wazee, amenyolewa, amefunikwa kitambaa, na kama amempenda mtu wake anayumba mbele na nyuma siku nzima. Alikuwa ameyumba kwa dakika zote ambazo kamera ilimpitia. Alikuwa lile rundo la vigae. Na mimi siku ile nilimwuliza mtu pekee asiyeweza kukosea kama picha inaonekana. Angewezaje kukosea? Alikuwepo. Macho yake yalijaza kila kitu nilichokitoa.

Nilianza kulia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na yeye akanitazama kama anatazama mtoto aliyemwaga uji.

"Acha," alisema. "Kunilia mimi pia? Yule wa Kinshasa ananitosha."

Kisha akasema amekuja kupigwa picha. Padri alikuwa anasafiri tena Ijumaa. Tonton alikwenda kuleta kamera na kuweka kiti mbele ya pazia la bluu. Mama akaketi. Akakaza shingo, akafunga mdomo, akakodoa macho, hakupepesa. Tonton akarekodi dakika nzima. Hakuna kilichosogea isipokuwa inzi.

"Mama," nikasema, "sema kitu."

Alijibu bila kufungua meno. "Niko nachunga nafasi."

Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa ameyashika maneno yangu, kwamba asiyetikisika ndiye anayetoka vizuri. Alikuwa anakaa kama mume wake alivyolala, ili mwanawe amwone.

Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya kile kiti. Nilimwambia diski yote ni yake, peke yake, hakuna parokia, hakuna Lubunga, hakuna wakwe. Dakika themanini na bomba limefunguliwa mpaka mwisho. Nilimwambia, mama, tikisika. Ukikaa hivi atanyoa nywele mara ya tatu.

Alicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Akasimama, akasema kama ni hivyo twende kwake, pondu yake ya majani ya mihogo iko nyumbani inamngoja na yeye hakuja studio kukaa mbele ya pazia.

Tukatembea nyuma yake mpaka uani kwake, tonton akibeba kamera begani. Alifunga kitambaa kiunoni, akamwaga majani kwenye kinu, akashika mchi, akaanza kutwanga. Na huku akitwanga akaanza kumgombeza mwanawe, aliyekuwa mbali kilomita zaidi ya elfu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Umenililia, aksanti. Misa umelipa, aksanti. Sasa niangalie vizuri. Njo mimi huyu. Mukono yangu hii. Papa yako alikufa, nilikuwa chini na bamama, nilikuwa nalia, ulitaka nikae wapi? Shangazi yako alifanya kazi ya shangazi. Na ukinyoa kichwa tena bila kuniuliza, tutaonana!"

Majirani walikusanyika ukingoni mwa uzio. Alitwanga mpaka jasho likamtiririka. Mara akaegemea mchi, akajifuta uso kwa kiganja, akaendelea kutwanga bila maneno. Tonton hakuzima kamera.

Nilihamisha picha zile siku iliyofuata, kwa débit kubwa kuliko zote diski iliyoweza kubeba. Zilikuwa dakika ishirini na sita tu. Tonton alisema tunaharibu nafasi, kwamba tungeweza kuongeza hata harusi ya mtu, na nadhani alisema kwa mazoea tu, maana nilipomgeukia alikwenda kuchunguza taa. Kila jani lililoruka kwenye kinu lilionekana jani. Mishipa ya mikono yake ilionekana, na mvi zilizoota, na jasho. Nilijivunia kazi ile kuliko cheti nilichokuja kupata baadaye.

Mama alikuja kuithibitisha. Safari hii nilimkalisha mbele na nikanyamaza. Alitazama mwanamke yule akitwanga, dakika tano, kumi. Nyumbani kwake kulikuwa na kioo kidogo cha mkononi tu, na tangu msiba alikuwa hakishiki. Mwisho akasogea karibu na televisheni, karibu sana, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Nimezeeka hivi?" aliuliza.

Nilipunguza sauti ya televisheni.

"Aliniacha niko mama munene. Niko na nywele. Sasa huyu…" Akagusa kioo kwa kidole. "Huyu atamujua?"

Nilimwambia atamjua. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, na sikujua. Picha ilikuwa safi kuliko zote nilizowahi kutoa, na kwa mara ya kwanza niliogopa picha safi. Nilitamani kumbania kidogo, kumfutia mikunjo miwili mitatu, kumrudishia miaka minne ndani ya vigae. Niliitia diski kwenye bahasha kama ilivyo.

Ijumaa padri akaondoka nayo. Juma lile nilipiga kelele kwa kila mteja aliyekuja, hata kwa bibi harusi.

Safari hii jibu halikuchukua miezi mitatu. Baada ya wiki tano mama alisimama mlangoni mwa studio na karatasi iliyofunguliwa mkononi, na tonton na mimi tukaacha tulichokuwa tunafanya. Hakuweza kuingia wala kukaa. Alitusomea akiwa pale pale mlangoni, mstari wa kwanza tu.

"Mama, umekonda. Uko nakula?"